Ukikaribishwa mara moja, kula: mwaka wangu wa kufundisha Kiswahili Wisconsin na ile safari ya gari mpaka South Dakota

Naanza na sandwichi, maana ndo iliyonifundisha kuliko semina zote za wageni nilizokalishwa wiki ya kwanza. Ilikuwa Septemba, nina wiki tatu tu tangu nifike Madison, mji mkuu wa jimbo la Wisconsin, nimeenda kufundisha Kiswahili chuoni kwa mwaka mmoja wa masomo, Agosti mpaka Mei. Mwanafunzi wangu mmoja akanialika kwao Jumapili, mama yake akanipokea vizuri tu, akafungua friji akaniuliza, nikutengenezee sandwichi? Mimi mtoto wa Muheza, nimelelewa, nikajibu kama ninavyojibu siku zote, hapana mama, asante, nimeshiba. Nilikuwa sijala tangu asubuhi! Nikakaa mkao wa kusubiri, maana kwetu hapo ndo mambo yanaanza, yeye atasema "kidogo tu jamani", mimi nitasema "kweli nimeshiba", yeye atasema "basi onja", na mimi nitaonja mpaka sahani ibaki nyeupe. Yule mama akasema okei. Akafunga friji. Akaendelea na stori zake za mbwa. Ule mlio wa mlango wa friji, ile "pwap" ya mpira ukikamata bati, nausikia mpaka leo.

Na wala hakuwa mchoyo, hilo nilikuja kulijua baadaye sana. Yeye aliuliza swali, mimi nikampa jibu, akaliheshimu jibu langu. Kwake kunishikilia nile wakati nimesema nimeshiba kungekuwa utovu wa adabu, ni kama kuniambia mimi muongo. Kwangu mimi kutokunishikilia ndo utovu wa adabu. Basi tukakaa pale wote wawili tuna adabu zetu na mimi tumbo linanguruma.

Kwa miaka mingi Watanzania na Wakenya wamekuwa wakienda Marekani kufundisha Kiswahili vyuoni, wengi wakipitia ule mpango wa serikali ya Marekani unaoitwa Fulbright, wa wasaidizi wa walimu wa lugha, na wakijua nimeshawahi kukaa huko wananiuliza habari ya makoti. Koti nunua kulekule, maduka yao ya mitumba yana makoti mazito ya bei ndogo kuliko utakayobeba kutoka Dar, na la Dar halitakufaa kitu ikifika Januari, basi, hiyo ya koti imeisha. Lisiloulizwa ndo hili la sandwichi, na ndilo litakalokutesa miezi tisa usipoliwahi.

Darasani nalo lipo. Wanafunzi watakuita jina lako la kwanza, mkavu, kama unaitwa na mdogo wako, mimi nilikataa nikawaambia niiteni Mwalimu, hilo ni neno la kwanza la kozi, wakakubali bila shida. Lakini kula darasani sikuliweza. Mtu anatoa chipsi za pakiti, anatafuna mbele ya wenzake ishirini, hasemi hata karibu! Nikaona nigeuze iwe somo, nikawafundisha kwamba Mswahili akiwa anakula akapita mtu ni lazima aseme "karibu", na anayepita asipotaka anajibu "starehe". Wakalipenda hilo kuliko ngeli. Kufika Oktoba kila anayefungua pakiti ananyanyua mkono "karibu Mwalimu!" na mimi "starehe!", mpaka siku moja nimetoka kwenye kikao kirefu nina njaa zangu, kijana akasema karibu Mwalimu, nikasema asante, nikaenda kuchota chipsi zake kiganja kizima. Darasa lilikufa kwa kicheko, yeye mwenyewe alibaki ameduwaa kidogo, nadhani kwake ile karibu ilikuwa zoezi la matamshi tu.

Sasa safari. Katikati ya Mei, maksi nimeshazipeleka, nimebakiza siku kumi na kitu za kurudi nyumbani, nikagundua kwamba Marekani ninayoijua ni kituo cha basi, ofisi yangu, na duka la Wahindi linalouza unga wa sembe. Kulikuwa na kaka mmoja Mkenya, mtu wa Kisumu, yuko mwaka wa sita wa PhD, ana Toyota yake kuukuu, akasema Mwalimu huwezi kurudi Tanga hujaona nchi, twende magharibi. Na dada mmoja Mturuki aliyekuwa anafundisha Kituruki ofisi ya jirani na yangu akasema na yeye anakuja. Mpango ukawa Madison mpaka milima ya Black Hills, South Dakota, kama kilomita 1,250 kwenda tu, yaani Dar mpaka Mwanza na bado unaongeza. Kaka akauliza mnataka kuona nini, dada Mturuki akasema popote, na mimi nikasema popote tu kaka utakapopenda. Akatuangalia. "Popote si mahali," akasema, "nyinyi wawili mtaniua."

Tukaondoka saa kumi na mbili alfajiri kwa haiwei ya I-90, hiyohiyo moja, unaishika Wisconsin unaiachia South Dakota. La Crosse tukavuka mto Mississippi, tukaingia Minnesota, tukasimama sheli. Kaka akasema mnataka kitu? Sisi wawili kwa pamoja, hapana. Akarudi na hotidogi na kahawa, akawasha gari, akala huku anaendesha. Gari lote harufu ya vitunguu. Mimi na dada Mturuki tukaangaliana pale siti ya nyuma, hakuna aliyesema neno, tumekwenda hivyo kama saa nzima halafu dada akafungua mkoba akatoa pakiti ya karanga. Akaninyooshea. Nikasema hapana dada asante. Akasema chukua. Nikasema kula tu wewe. Akasema tafadhali, siwezi kula peke yangu. Nikachukua, tukala, raha mustarehe. Kaka alikuwa anatuona kwenye kioo, akasema nyinyi karanga tu mnapelekana kama mnaposa! Lakini ndo ujue, Mturuki naye kwao chai hupewi mara moja. Tulielewana bila kufundishana, na wakati huohuo tulikuwa tunakufa njaa kwenye gari la mtu ambaye angesimama popote tukimwambia.

Hapo kaka akatoa sheria ya gari lake. Nikiuliza kitu mna sekunde tano, jibu ni ndiyo au hapana, sirudii. Na ukitaka kuchimba dawa sema unataka kuchimba dawa, usiniambie "kuna joto humu ndani". (Nilikuwa nimeshasema hivyo mara mbili.)

Kuchimba dawa kwenyewe huko ni raha kubwa, nisiwanyime sifa yao. Kila baada ya mwendo kuna eneo la kupumzikia pembeni ya haiwei, choo bure, maji ya moto, ramani ukutani, hakuna anayekaa mlangoni na kibakuli cha sarafu. Ila milango ya vyoo vyao ina upenyo pembeni wa upana wa kidole, unamuona anayenawa na yeye akigeuka anakuona, sijui kwanini taifa tajiri vile limeshindwa kumalizia mbao. Na maji ya kujisafishia hakuna, ni karatasi tu, kwa hiyo beba chupa yako ya maji kwenye mkoba na usione haya. Nyingine ya sheli, pampu ukiichomekea kadi inaweza kukuuliza namba ya posta ya tarakimu tano, na kadi ya benki ya nyumbani haina hiyo namba, itakukatalia mpaka uhisi umefilisika. Usihangaike nayo, ingia ndani kwa keshia, mwambie pampu namba fulani dola arobaini, lipa, rudi ujaze. Tena utajaza mwenyewe, hakuna kijana wa kukuwekea.

Jioni ya siku hiyo ndo ushauri wangu wa kukubali mara moja ulipopigwa chenga. Mwanafunzi wangu mwingine alikuwa na bibi yake shambani upande wa Albert Lea, kusini mwa Minnesota, akasema mpite, bibi atafurahi. Tulikuwa tumezungukazunguka sana njiani, tukafika saa kumi na moja jioni tukidhani ni wakati wa chai, kumbe ndo chakula cha usiku. Meza imeshaandaliwa. Bibi mwembamba, nywele nyeupe kama pamba, asili yake Norway, kwenye ukuta kuna picha za harusi za watu ambao hawacheki. Akaleta bakuli la bati limetoka kwenye oveni, wanaita hotidishi, chini nyama ya kusaga, katikati supu nzito ya uyoga ya kopo, juu wamepanga vipande vya viazi vidogodogo mstari kwa mstari kama vigae, vimekauka vizuri rangi ya dhahabu. Akaniuliza mimi wa kwanza, utakula kidogo? Nami nimeshasoma, nimeshahitimu, nikajibu haraka, ndiyo tafadhali, nina njaa sana!

Bibi akasita na kijiko hewani. Mjukuu wake akainamisha kichwa anazuia kucheka. Nikapewa, nikala, tamu kweli japo ilikuwa inalilia pilipili. Halafu nikaangalia wenyewe wanavyofanya. Kikabaki kipande kimoja cha mwisho. Bibi akamwambia jirani yake mzee aliyekuja kutuona, kimalizie. Mzee, hapana nimetosheka. Bibi, ni kidogo tu. Mzee, aah, wape vijana. Bibi, kitatupwa sasa. Mzee, basi, kama kitatupwa. Mara tatu! Nilimkanyaga dada Mturuki mguu chini ya meza, na yeye alikuwa ameshanikanyaga.

Kumbe kwa watu wa Minnesota, hasa huko mashambani, ndo utaratibu wao, na Wamarekani wenzao wanawatania kwa hilo. Kukubali mara ya kwanza ni pupa. Na kuaga je! Tulisema tunaondoka tukiwa mezani, tukasimama jikoni dakika kumi, tukahamia mlangoni tukaongea habari za mvua na mahindi, tukatoka barazani akakumbuka kitu akarudi ndani, akaja na keki zimefungwa kwenye karatasi ya foili, tukaenda naye mpaka garini, tukaingia, tukashusha vioo, bibi akaegemea mlango wa dereva akaanza upya habari ya barabara ya kupita, saa nzima inakatika gari linaunguruma. Kwenye kioo cha nyuma bado anapunga mkono. Mimi machozi yalinilenga jamani, tangu Agosti sikuwahi kusindikizwa na mtu, Madison mtu akikuaga amekuaga, ukigeuka mlango umeshafungwa.

Kwa hiyo nikisema "Wamarekani wako hivi" nichukulie kwa kipimo. Kaka alisema mjini na chuoni watu wametoka majimbo yote na nchi zote, hakuna anayejua adabu ya mwenzake, ndo maana neno linachukuliwa kama lilivyo, lakini kijijini ambako wamezaana pamoja miaka mia wana mafumbo yao kama sisi tu. Mimi nimelichukua hilo kama lilivyo, sijasoma kitabu cha kulithibitisha. Ninachokushauri ni uangalie wenyewe wanavyokaribishana wao kwa wao kabla hujajibu, na kama huna muda wa kuangalia, sema ndiyo, maana pupa inasameheka, njaa haisameheki.

Tulilala moteli Sioux Falls. Hapa nipite haraka. Bei ukutani siyo bei utakayolipa, kodi inaongezwa mwishoni, hata dukani ni hivyohivyo, usisimame foleni na hela kamili mkononi. Moteli zinashikilia kiasi cha ziada kwenye kadi yako mpaka siku kadhaa baada ya kuondoka, kama salio lako ni la kuhesabu utalala njaa kesho yake. Na mgahawani bakshishi siyo hiari kwa maana tunayoijua sisi, ni asilimia 15 mpaka 20, maana sheria yao ya taifa inaruhusu mhudumu anayepata bakshishi alipwe dola 2.13 tu kwa saa, majimbo mengine yanalipa zaidi lakini mengi yanaishia hapohapo au karibu na hapo. Siku ya kwanza nilimuachia dada wa watu dola moja nikiamini nimemfurahisha. Mungu anisamehe.

Kugawana hela za mafuta nako kulinipa shida, kaka alikuwa anapiga hesabu kila sheli na usiku simu inalia, unadaiwa dola 11 na senti 40. Senti 40! Mwafrika mwenzetu! Nikanuna siku nzima. Halafu nikaja kufikiri, kwetu ningepanda bure, kweli, lakini ningebaki na deni la fadhila lisilo na namba, nimletee dagaa, nimuombee mwanawe shule, miaka kumi bado nadaiwa. Pale nililipa 11.40 nikawa huru. Sijaamua bado ipi bora.

Siku ya pili tukapita Mitchell, kuna jumba wameliita Corn Palace, kuta zake za nje zimepambwa picha kubwakubwa zilizotengenezwa kwa mahindi ya rangi mbalimbali, wanayapasua wanayapigilia misumari, na mapambo wanayabadilisha karibu kila mwaka. Jengo lenyewe la 1921. Nilisimama pale namfikiria bibi yangu na ghala lake, mahindi yamepigiliwa ukutani yanaliwa na ndege, angefunga kanga kiunoni akaanza kuyabandua.

Baada ya hapo ndo ukubwa wa nchi unakuja. South Dakota limiti ya I-90 ni maili 80 kwa saa, kama kilomita 129, barabara imenyooka kama rula, majani tu kulia na kushoto, nyumba moja, majani, ng'ombe weusi, majani. Kaka akajisahau. Nikaona taa nyekundu na bluu zinazunguka nyuma yetu.

Kaka akasogea pembeni kulia akasimama. Sasa mimi nimekaa nyuma, nikafanya ninachofanya Segera au Chalinze, nikafungua mlango nishuke nikamsalimie afande, maana dereva akiwa na mwanamke mtu mzima anayesalimia vizuri mambo yanakuwa mepesi. Mguu mmoja umegusa lami nikasikia sauti ya spika, kali, rudi ndani ya gari! Kaka naye bila kugeuka, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, "Mwalimu. Rudi. Funga." Nikafunga. Nikamuona mikono yake yote miwili iko juu ya usukani, vidole vimenyooka, na vinatetemeka. Askari akaja upande wa pili, upande wa abiria, akaangalia nyuma, akaangalia mikono yetu wote. Kaka akamwambia, leseni iko mfukoni, naenda kuitoa sasa, sawa? Kila kitu alikisema kabla hajakifanya. Yule askari akaondoka na leseni, akarudi, akampa onyo la maandishi, hakuna faini, akatutakia safari njema. Jumla dakika labda kumi na tano.

Kaka hakuongea nusu saa nzima. Baadaye akaniambia wanafunzi weusi waliomtangulia walimfundisha hiyo mwezi wake wa kwanza, kabla hata ya kumuonyesha maktaba ilipo. Kwa hiyo hili lishike hata ukisahau mengine yote: ukisimamishwa na polisi Marekani usishuke, usipekue mkoba, usifungue droo ya dashibodi, kaa, mikono ionekane, sema unachotaka kufanya kisha ukifanye. Heshima ya kushuka na kusalimia ni ya kwetu, huko inasomeka kitu kingine. Na kama utaendesha mwenyewe, mimi sikushika usukani, lakini niliona haya: basi la shule la njano likiwasha taa nyekundu na kutoa kibao pembeni, unasimama, na kwenye barabara za kawaida hata anayekuja upande wa mbele anasimama. Kwenye makutano yenye kibao cha kusimama pande zote nne, aliyefika kwanza ndo anaondoka kwanza, hakuna ubabe, hakuna honi. Siku ya kwanza kuiona nilidhani wamepanga.

Tulisimama Chamberlain juu ya mto Missouri kuchimba dawa na kutuliza roho. Pale kwenye eneo la kupumzikia kuna sanamu ya mwanamke wa wenyeji wa asili, inaitwa Dignity, imewekwa 2016, urefu kama mita 15, amenyoosha mikono nyuma ameshika shuka la nyota la rangi ya bluu, upepo ukipita vipande vya bluu vinatikisika vinameta. Kwa Walakota, wenyeji wa asili wa huko, shuka la namna hiyo mtu anavishwa anapoheshimiwa, kwenye harusi, msibani, anapohitimu. Nikamwambia dada Mturuki, hiyo ni kanga, hiyo. Tulipiga picha pale kuliko mahali pengine popote.

Katikati ya jimbo simu yangu ikajirudisha saa moja nyuma yenyewe, umevuka mstari wa majira. Hapo kichwa kiliniuma kweli, maana mimi akilini natumia saa za Kiswahili, za jua, na jua lenyewe huko mwezi wa Mei linazama saa mbili usiku na ushei! Niliwafundisha watoto wa watu darasani kwamba saa moja usiku inaitwa usiku kwa sababu giza limeingia, hakuna aliyenibishia, na wote walikuwa wanajua kwamba kwao kiangazi saa moja usiku watu wanacheza mpira na jua liko juu. Badlands tulifika saa moja na nusu "usiku", milima ya udongo imejipanga matabaka, pinki, njano, kijivu, kama keki iliyokatwa na panya, na mwanga wa jua la usiku unaipiga kwa pembeni. Hapo sikuongea. Tulikula keki za bibi tumekaa juu ya boneti, na nilipoambiwa chukua ya pili nilichukua.

Kabla ya Rapid City kuna kamji ka Wall, na duka lake la dawa lililojulikana kwa mabango, maili mamia kabla hujafika unaona bango baada ya bango, maji ya barafu bure, kahawa senti 5. Mwenye duka alilinunua 1931 biashara ikawa mbaya, mwaka 1936 wakaweka mabango ya maji ya barafu bure barabarani, wasafiri wa joto wakaanza kuingia, hawajaacha mpaka leo. Maji tu! Nilikunywa vikombe viwili na nikanunua sumaku ya friji ya dola sita ambayo sikuihitaji, kwa hiyo naona inavyofanya kazi.

Mwisho wa safari ulikuwa Mlima Rushmore, zile nyuso nne za marais, Washington, Jefferson, Roosevelt na Lincoln, kila uso kama mita 18, zilichongwa 1927 mpaka 1941. Kiingilio hakuna ila unalipia paking. Nilitegemea nitashangaa, nikashangaa dakika tano. Kilichonikaa ni kitu kingine. Walakota mlima huo walikuwa wanauita Mababu Sita, na Black Hills yote waliahidiwa kwa mkataba wa 1868 kwamba ni yao. 1874 ikaonekana dhahabu, 1877 wakanyang'anywa kwa sheria. Wakaenda mahakamani miaka na miaka, mwaka 1980 Mahakama ya Juu ya Marekani ikasema kweli mlidhulumiwa, chukueni fidia, zaidi ya dola milioni 100. Wakasema hapana, hatukuuza, tunataka ardhi. Hela ikawekwa, inazaa riba, sasa imepita dola bilioni moja, na yale maeneo waliyotengewa Walakota ni kati ya sehemu maskini kabisa nchini kwao, na bado hawajaigusa.

Nilikaa na hilo njia nzima ya kurudi. Mimi mwaka mzima nahangaika na hapana yangu ya sandwichi, hapana ya kubembelezwa, na kuna watu wamesema hapana moja na wameikalia tangu 1980. Kaka akasema ndo maana yule bibi anarudia mara tatu, hapana nyingine unatakiwa uzichimbe ujue zina nini ndani. Sikumjibu, nilikuwa na usingizi.

Tulirudi Madison kwa siku moja na nusu, mimi nikiwa msafiri mpya kabisa, kaka nina njaa, kaka simama, kaka hiyo kahawa ninunulie ya kati bila sukari hela hii hapa. Alisema amenipenda zaidi hivyo.

Juni nikafika Muheza, siku ya pili nikaenda kumsalimia shangazi, amekaa mkekani na majirani zake wanachambua mchele. Shikamoo, marahaba, akanishika mashavu, akasema karibu chai mwanangu. Nikamwambia ndiyo shangazi, nina njaa kweli, na kama kuna maandazi naomba mawili. Ungo ukasimama. Jirani mmoja akaniangalia kuanzia miguuni. Nikaletewa manne, nikala. Jioni mama akaniita uani, kwa sauti ya chini, shangazi yako amenipigia simu anauliza, huko Marekani walikuwa wanakupa chakula?